Miaka Yangu kwenye Meza ya Ukaguzi

Wanaosimulia kufa kwa viwanda vya Dar es Salaam wana hadithi moja waipendayo. Viwanda vilikuwa vizuri, ikaja siasa, wafanyakazi wakapewa kichwa, wakagoma, wakawafungia mameneja nje, na tangu hapo nidhamu ikafa na viwanda navyo vikafa. Nimeisikia misibani, nimeisikia kwenye daladala, na juzijuzi kanisimulia mjukuu wangu aliyesomea biashara chuoni, kana kwamba mimi ni mgeni wa mji huu. Nilikuwemo. Nilifanya kazi katika kiwanda cha nguo kando ya Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere, tangu mwaka 1970 hadi kilipofungwa katika miaka ya tisini, na karibu muda wote huo nilikuwa mkaguzi wa vitambaa. Jina la kiwanda nitaliacha, maana wengi wa wenzangu wangali hai na hawakuniomba niwaandike. Ila hadithi hiyo imekaa kichwa chini miguu juu.

Kazi ya mkaguzi ni ya macho na vidole. Kitambaa kinapitishwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, nawe unakivuta yadi kwa yadi ukitafuta kasoro: uzi wa mtande uliokatika ukaacha mstari, mshindio ulioruka, doa la grisi, tundu. Khanga ina mambo yake ya ziada. Pindo linaweza kupinda, rangi ya mji ikamwagikia mahali pasipo pake, au jina likachapwa likakosa herufi ya mwisho. Kila gora lilikuja na kikaratasi chenye namba ya mashine na zamu, na mimi niliandika yote kwenye daftari. Haikuchukua muda nikaanza kuwasoma watu. Mfumaji aliyefiwa nilimwona mezani kabla sijaambiwa. Mshahara ukichelewa, safu nzima ya mashine ilileta kasoro za aina moja juma lilelile.

Lazima nieleze jambo moja la mtambo, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Mashine ya kufuma ina vijichuma vyembamba, kila kimoja kimening'inia kwenye uzi wake wa mtande. Uzi ukikatika, kijichuma kinaanguka na mashine inasimama yenyewe. Mfumaji huenda, akatafuta ncha mbili, akapiga fundo, akawasha tena. Kwa mwenye mkono mwepesi ni kazi ya muda mfupi tu, lakini mtu mmoja alikuwa na mashine kadhaa, nyuzi zinakatika kutwa, vumbi la pamba limejaa puani, na kelele zile ukizizoea basi masikio yako yameshaharibika. Aliyechoka alikuwa na njia yake: anaifunga sehemu ile ya kusimamishia kwa kipande cha waya. Mashine haisimami tena. Inafuma tu, uzi umekatika, mita zinaongezeka, kitambaa kinaharibika. Kwa hiyo mimi nilipouona mstari unaokwenda yadi ishirini bila kukoma, nilijua kuna mtu ameamua.

Nilipoajiriwa nilikuwa binti wa Kisarawe mwenye cheti cha darasa la saba na khanga mbili. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitatu, na Serikali ilikuwa na hisa nyingi kiwandani kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Meneja wetu alikuwa Mtanzania mwenzetu, kijana bado, mmoja wa wale tuliowaita naizesheni kwa kuwa walikalia viti vya wazungu kwa haraka. Kazi aliijua. Akipita kwenye ukumbi wa kufuma angeweza kusimama ghafla mbele ya mashine, akasikiliza kidogo, akamwambia fundi kitu gani kimelegea, na kweli kimelegea. Kwa hilo nilimheshimu na hata leo namheshimu.

Tatizo lake lilikuwa mdomo. Wafagiaji wetu walikuwa wazee wa Kizaramo na Kirufiji, watu wa umri wa kumzaa, naye aliwapita asubuhi kama anapita nguzo za umeme. Katika mji ambao mtoto asiyeamkia anaulizwa kalelewa na nani, hilo halikuwa jambo dogo. Akikasirika alikuwa na msemo wake kwamba nje ya geti wamejaa, yaani wanaotafuta kazi. Alikuwa hasemi uongo. Nje walikuwepo, chini ya mwembe, kila asubuhi, na sisi tuliwaona kila tulipoingia. Alichokuwa hajui ni kwamba mtu anayekumbushwa kila siku kuwa yeye ni wa kubadilishwa, mwisho anaanza kufanya kazi kama aliyekwisha kubadilishwa.

Pa kulalamikia hapakuwepo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, vyama vya wafanyakazi vya zamani vilifutwa tukabakiwa na kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Ofisa wake akija kiwandani alinywea chai ofisini kwa meneja kwanza. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mwaka 1970 ulitoka waraka wa Rais wa kuanzisha Mabaraza ya Wafanyakazi, na letu likaundwa, likakaa, likashauri. Kushauri ndiyo ilikuwa kazi yake. Nakumbuka mjumbe wetu mmoja alirudi kutoka kikaoni, akaulizwa kumezungumzwa nini, akajibu kwamba walipewa soda.

Halafu ukaja Mwongozo. Wareno walikuwa wamewashambulia Guinea Novemba 1970, Idi Amin akampindua Obote Januari 1971, na mwezi uliofuata Halmashauri Kuu ya TANU ikakaa Dar es Salaam, ikautoa. Wakubwa walikuwa wanafikiria mapinduzi na mamluki. Waliona kuwa kiongozi aliyetengana na watu wake ndiye mlango wa adui. Sisi viwandani tuliusoma kwa haja zetu. Kifungu cha 15 kilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na kilikataza bila kuzunguka. Radio Tanzania iliurudia na kuurudia. Vijitabu vyake vilikuwa mifukoni mwa mashati ya kazi, vimelowa jasho na mafuta ya mashine. Mfumaji mmoja ambaye hakuwahi kukaa darasani alikihifadhi kifungu kile chote kwa kusomewa, kama watu wanavyohifadhi sura. Nadhani walioandika hawakutegemea kingesomwa hivyo.

Kilichowasha moto kilianzia getini. Upekuzi wa kutoka kazini ulikuwepo siku zote, na katika kiwanda cha nguo hakuna asiyejua sababu yake, kwani kitambaa kinazungushwa kiunoni mara tatu na gauni linakificha. Wanawake tulipekuliwa na mama mmoja mtu mzima. Mwaka 1972 mama yule aliugua, hakuletwa mwingine, na walinzi wanaume wakaambiwa waendelee na wote. Mwenzetu wa chumba cha kukunjia, mjamzito wa miezi ya mwisho, alikataa kushikwa. Kukawa na mabishano, foleni ikasimama, meneja akashuka kuona kuna nini. Akasema, mbele ya zamu mbili zilizokutana pale, moja inatoka na moja inaingia, kwamba tumbo hilo nalo lipekuliwe, huenda ni doti tatu.

Baadhi ya walinzi walicheka. Wengine waliangalia chini. Yule mama alivua viatu, sijui kwa nini viatu, akavishika mkononi akaondoka peku.

Kwenye ukumbi wa kufuma watu hawazungumzi, kwa sababu hakuna kinachosikika. Wafumaji wana lugha ya mikono: uzi umekatika, mwite fundi, saa ya chai, msimamizi anakuja. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ishara mpya. Mtu aliweka kiganja tumboni, akamtazama mwenzake wa safu ya pili, naye akaweka kiganja tumboni, na ikaenda hivyo hadi mwisho wa ukumbi. Mashine zikaanza kuzimwa safu kwa safu. Mimi nilikuwa chumba cha pili na nilichokisikia ni kelele kupungua, kitu ambacho hakijawahi kutokea mchana wa siku ya kazi. Tukatoka wote.

Meneja alifika saa mbili na Peugeot 504 yake, akakuta geti limefungwa na watu mia kadhaa wamekaa kwenye majani. Walisema ataingia akishapekuliwa. Gari lilifunguliwa buti. Mlikuwa na mkungu wa ndizi, viatu vya mpira vyenye tope, na mafaili. Viliwekwa chini kimoja kimoja na kutajwa kwa sauti, kama mlinzi anavyofanya, na yule mfumaji asiyekwenda shule akasoma kifungu cha 15 kwa kichwa. Watu walicheka sana. Meneja hakucheka, na nikimkumbuka uso wake sasa nikiwa mzee namwonea huruma kidogo. Siku ile sikumwonea. Askari wa Field Force walikuja wakakaa kivulini. Ofisa wa NUTA alikuja akatuambia turudi kazini, ndipo likatoka jibu ambalo nadhani hakuna aliyekuwa amelipanga: kazini tutarudi sasa hivi, ila yeye haingii.

Na tulirudi. Hapa ndipo naomba wasimuliaji wanisikilize. Zile siku chache ambazo kiwanda kilikwenda bila meneja, kikiendeshwa na kamati ya wafanyakazi pamoja na wasimamizi wa zamu, kitambaa kilichokuja mezani kwangu kilikuwa safi kuliko chochote nilichokigusa kabla au baadaye. Wafumaji wazee walikuwa wakitembea katikati ya mashine zisizo zao wakifunga mafundo. Mafundi walilala kiwandani ili wapake grisi mashine zikiwa zimezimwa. Hakuna waya hata mmoja. Upekuzi haukufutwa, wafanyakazi wenyewe walisema uendelee, wanawake wakachagua wawili wa kutupekua, na wajumbe wa kamati walipekuliwa wa kwanza. Aliyechelewa alijibu kwa wenzake, na wenzake walikuwa wakali kuliko Ofisa Utumishi.

Watu wanaogoma kwa namna ile bado wanakipenda kiwanda. Wanagombania kitu wanachokiona ni chao.

Haikuwa kwetu tu. Migomo na mizozo ya aina hiyo ilitokea katika viwanda vingi vya mji kati ya 1971 na 1973, na mara nyingi chanzo kilikuwa lugha ya mkubwa, wala si shilingi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel Rubber Factory, kiwanda cha mtu binafsi, walikitwaa kabisa wakakiendesha, na mji mzima ulizungumza habari hiyo. Serikali ilikuwa imeanza kwa kutabasamu, ikamaliza kwa kukunja uso. Tukaambiwa kwamba wajibu unatangulia haki, kwamba kugoma katika shirika la umma ni kujigomea wenyewe. Meneja wetu alihamishiwa shirika jingine, kubwa zaidi. Watatu kati ya waliosimama mbele walipewa barua, akiwemo yule mfumaji wa kifungu cha 15, na hatukugoma kuwatetea. Hilo la kutogoma ndilo ningeomba lichunguzwe na wanaosomea mambo ya uongozi.

Meneja wa pili alikuwa mpole. Alituita ndugu, mkubwa na mdogo. Kijitabu cha Mwongozo kilikaa juu ya meza yake, upande wa mgeni. Alipopita alisema "Habari za kazi, ndugu zangu" na kabla hujamaliza kusema nzuri alikuwa ameshafika mlangoni. Ukumbi wa kufuma alikuwa haingii ila anapoleta wageni. Kila jambo alilipeleka kwenye kamati, hata jambo ambalo kamati haikuwa na akili nalo wala uwezo, kwa mfano kuagiza rangi kutoka nje. Msimamizi mmoja alimwambia mfumaji aliyekuja amelewa arudi nyumbani. Mfumaji akashtaki kuwa amedharauliwa. Msimamizi akaitwa ajieleze. Kesho yake wasimamizi wote walikuwa wapole pia.

Nakubali basi kwamba nidhamu ilishuka. Hapo wasimuliaji wana kipande cha ukweli. Lakini ilishuka katika miaka ya amani, chini ya mtu aliyeogopa geti lile kuliko alivyoogopa hasara. Dharau ya yule wa kwanza ilikuwa na uso, unaweza kuisimamisha ukaipekua buti. Woga wa huyu haukuwa na pa kushikwa. Ukimfuata na tatizo anakubaliana nawe, anakushukuru, anaandika, na hakuna kinachotokea.

Kisha yakaja malengo. Juu walitaka mita. Kila mwezi kulikuwa na idadi ya mita za kufikia, na taarifa iliyokwenda wizarani haikuwa na safu ya ubora. Nilipopeleka daftari langu ofisi ya uzalishaji, nikionyesha kwamba kasoro za mstari zimezidi maradufu, ofisa alinisikiliza kwa adabu. "Bibi Ukaguzi," akasema, maana jina hilo lilikuwa limeshanigandama ningali kijana, "mwaka huu tunahesabu mita." Haukupita muda nikaambiwa daraja la pili liingizwe daraja la kwanza, na rijekti ziwe daraja la pili. Waya zilirudi kwenye mashine. Safari hii hazikufichwa. Kuna msimamizi aliyekuwa nazo mfukoni, zimekatwa tayari kwa kipimo.

Miaka ya mwisho ya sabini nitaipita upesi, kwa kuwa kila mtu wa rika langu anaijua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vikaja 1978, na baada yake Mwalimu Nyerere akatuomba miezi 18 ya kufunga mkanda, ambayo ilirefuka kuliko mkanda wenyewe. Fedha za kigeni zikakauka. Vipuri, rangi, mafuta, vyote vikawa vya kuombea. Mashine za kutia unyevu kwenye ukumbi zilikufa mapema, na uzi wa pamba ukikosa unyevu unakatika ovyo. Hivyo hata mfumaji mwenye nia njema alishindwa. Pamba yenyewe, ambayo Mwanza na Shinyanga wanailima mpaka inalala maghalani, ilikosa magari ya kuileta. Mwanzoni mwa miaka ya themanini viwanda vingi nchini vilitumia theluthi ya uwezo wao au pungufu, nasi tukiwemo. Tulikuja kazini tukapiga kadi, tukafagia, tukacheza bao na drafti hadi king'ora. Maziwa tuliyokuwa tukipewa kwa ajili ya vumbi yalikoma, na kwa kuwa vumbi nalo lilikuwa limepungua hakuna aliyeuliza.

Mshahara ulilipwa. Kima cha chini kilikuwa shilingi 380 mwaka 1975, kikawa 600 mwaka 1981, na katika huo muda bei za magendo zilikimbia mara nyingi zaidi. Lakini sikubali kwamba njaa peke yake ndiyo iliyotuvunja. Kulipwa mwaka mzima bila kufanya kazi kunamla mtu taratibu, na kunamla zaidi fundi hodari kuliko mvivu.

Tulikuwa na fundi mmoja, Mluguru mrefu mkimya, ambaye katika miaka ile aliwasha mashine zilizohesabiwa zimekufa. Alichonga vifaa vya mbao kwa mninga, alikata vyuma kutoka kwenye springi za malori. Kifaa chake kimoja kilidumu kuliko cha kiwandani Ulaya. Mei Mosi ilipokaribia, sote tulijua mfanyakazi bora ni nani, na mwaka ule zawadi ilikuwa baiskeli. Akapewa dereva wa meneja, ambaye pia alikuwa mtu wa tawi la Chama. Dereva alikuwa mtu mwema, hakuiomba, aliona haya kuipanda mpaka ikapata kutu. Fundi hakusema neno. Miezi michache baadaye aliacha kazi akaenda Gerezani kufungua karakana yake, na nilisikia alifanikiwa sana kwa kutengeneza springi za daladala. Alipoondoka, mashine zilizokuwa zikitembea kwa mikono yake zilisimama moja baada ya nyingine. Hatukugoma. Miaka kumi kabla ya hapo kwa neno moja la ovyo tulizima kiwanda kizima. Sasa baiskeli ilipelekwa kwa asiyestahili mbele ya macho yetu na tulipiga makofi.

Na kazi yangu ilikuwa imekwisha maana. Nguo zilikuwa adimu, watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa, RTC, tangu alfajiri, na mnunuzi wa foleni hachagui. Niliwahi kumwona mwanamke Kariakoo amejifunga khanga ambayo nilikuwa nimeiandikia rijekti, jina limekosa herufi mbili na pindo limepanda juu ya mji, naye amependeza, na nina hakika aliilipia mara tatu ya bei. Nikajiuliza daftari langu namwandikia nani. Mahali ambapo kila kibovu kinanunuliwa, mkaguzi ni mtu wa kupita tu.

Mlango wa ghala ulikuwa na maisha yake. Vimemo vilikuja, vikaratasi vidogo vyenye sahihi kubwa, mpe mwenye barua hii doti hamsini, mpe huyu magora kumi. Wafanyakazi tulikuwa na mgao wetu wa kununua, unaopungua kila mwaka, na tulipanga foleni tukitazama pikapu zinapakia kwa vimemo. Ndipo wizi ukaanza kwa kweli, ule wa kuzungusha kiunoni. Katika siku zile za kamati uliwezekana vilevile na haukuwepo. Walinzi walikuwa na fungu lao. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi, walikuja wapelelezi wakakagua ghala kwa siku kadhaa, karani akachukuliwa akakaa ndani muda mrefu. Waliotia sahihi vimemo sikusikia kama walichukuliwa.

Kufunguliwa kwa biashara mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao, kulimpa mnunuzi wetu kitu alichokuwa amenyimwa miaka mingi, yaani uchaguzi. Khanga za nje zilijaa Kariakoo, rangi zake hazichujuki. Mitumba ikafuata. Kwa mara ya kwanza ofisini wakaniuliza kuhusu ubora. Nilitoa madaftari, yote yalikuwepo, yamepangwa kwa miaka. Kijana mmoja kutoka makao makuu aliyapekua akasema haya ni mali sana, akaondoka, hakuyachukua. Katika miaka ya tisini ilikuja Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, wakatathmini majengo na mitambo. Mitambo ilipimwa kwa tani. Sasa pale ni ghala la bidhaa za nje, na mafao yetu yalichukua muda mrefu kiasi kwamba baadhi yalipokewa na warithi.

Yule meneja wa pili nilikutana naye msibani Mbagala, miaka mingi baadaye, amekwisha kuwa mzee wa fimbo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanaume wengine. Aliponiona alinyanyuka kwa shida akaja upande wetu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniita Bibi Ukaguzi, tukasogea pembeni chini ya mnazi. Tulizungumza mambo ya magoti na sukari kwanza. Halafu, bila mimi kumuuliza, alisema kwamba barua yake ya uteuzi ilimfikia wakati habari za mtangulizi wake kupekuliwa zimeenea mashirika yote, na kwamba mkewe alimsihi asiikubali. Alisema wizarani waliijua hali ya kitambaa. Alikuwa amewaandikia mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa afikishe mita.

"Sasa mbona hukutuambia sisi?" nikamuuliza. "Ungetuita uwanjani, ukasema hali ndiyo hii, juu wanataka hivi, mimi nimekwama."

"Mngegoma."

"Tungegoma, ndiyo. Na ungepata cha kuwaonyesha wizarani."

Alitikisa kichwa. Akasema mimi sikuwa na watoto wanne shuleni wakati ule na nyumba ya shirika ya kufukuzwa. Nikamwambia nilikuwa na watano, na nyumba yangu ya kupanga Tandika ningefukuzwa upesi zaidi. Akacheka kidogo, akasema hata hivyo haikuwezekana, na akaanza kunieleza tena, tangu mwanzo, taratibu za bajeti ya mashirika zilivyokuwa. Tuliitwa kula bado hajamaliza.